Neno Alilolisema Léopold Redioni

Neno "sawa" lilikaa katika nyumba ya Mama Fortunée kama mgeni asiyejua kuaga. Liliingia pamoja na yule mwanamke wa polisi aliyekuja kueleza kifo cha mumewe. Alikaa ukingoni mwa kochi, viatu vyake vina tope la shambani, akasema, binti yake Fortunée, Denise, akitafsiri, kwamba marehemu alisikika kwenye redio ya mkononi akisema "sawa, sawa", na hapo ndipo roketi ilipowashwa, naye bado amesimama kando yake. Yule mwanamke hakuwa na ubaya wowote. Maji aliyopewa aliyanywa yote, akashukuru. Lakini alipoondoka aliliacha lile neno pale sebuleni, na muda si muda likatoka nje lenyewe, likaenda kutembea.

Lilitembea mpaka kanisani. Kanisa la Wakongomani lilikuwa limekodi ukumbi huko Stechford, nyuma ya maduka, na kwenye ukumbi ule hakuna neno linalokaa bila kupata miguu. Watu wakaanza kujumlisha. Léopold alisimamishwa kazi kule ghalani kwa sababu ya mgongo. Léopold siku hizi alikuwa haimbi, anafungua mdomo tu. Na Léopold alizoea kusema, kila mtu alimsikia, "Miye siku moja nitapanda juu bila kukata tiketi." Zamani alipoyasema hayo walicheka mpaka machozi. Sasa waliyakumbuka wakiwa wameshika mashavu. Mtu anasimama kando ya roketi, anashika redio, anasema sawa, washeni. Huyo si amejiua?

Pastor Cyriaque hakusema hivyo. Yeye alisema tu kwamba kilio kikubwa, kile cha wamama kulala chini kwenye magodoro na kuimba, cha watu kuja kutoka Coventry na Leicester na masufuria yao, kingoje kwanza mpaka serikali iseme ni nini kilichotokea. Basi Léopold akazikwa kwa maombi mafupi, mvua inanyesha, watu wanachungulia saa. Fortunée alimzika mume wake kama mtu anayewahi kutoa takataka kabla gari halijapita.

Kwao Kiambi, kando ya mto Luvua, mtu asiyeliliwa hajafika anakokwenda. Fortunée alikuwa Mkristo na alijua kwamba roho iko kwa Mungu, lakini mambo mengine hukaa mwilini, si kichwani. Hakutaka kitu kingine duniani ila hicho: jina la Léopold lisafishwe katika midomo ya watu, na mume wake aliliwe kama mtu aliyekufa, si kama mtu aliyekimbia.

Mtu wa Kiambi na roketi, wapi na wapi? Swali hilo Denise alilikuta kila mahali, kazini kwake kwenye nyumba ya wazee, hata kwa majirani wa Shard End. Na jibu lake ni jepesi. Léopold alipokuwa mtoto walikuja Wajerumani, wakapanda kwenye uwanda wa juu wa ule mto, wakaanza kurusha roketi zao kutoka hapo. Watoto wa vijijini walikatazwa kusogea, kwa hiyo walisogea. Léopold aliiona moja ikipanda, ikayumba, ikapinda kama mlevi, ikaangukia bondeni. Wakubwa waliokuwa wakitazama waliondoka kimya. Yeye alibaki na moshi ule machoni maisha yake yote.

Na Gurdev Singh yeye alikuwa mtoto wa Malindi. Baba yake alikuwa na duka la misumari na mabati, na kutoka kwenye paa la duka kijana Gurdev aliziona roketi za Waitaliano zikitoka baharini, kwenye lile jukwaa lao la chuma, zinaingia mawinguni. Wazee hawa wawili, kila mmoja na moshi wake, walikutana Birmingham ndani ya duka la vifaa. Gurdev alikuwa amebanwa kidole na droo, akatukana kwa Kiswahili cha Malindi, tusi zito lenye kuku ndani yake. Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa Léopold, ameshika bomba la choo. Tangu siku ile hawakuachana.

Walianzisha chama. Walikuwa watu watano, na jina la chama lilikuwa refu kuliko orodha ya wanachama: Chama cha Roketi na Safari za Anga cha Birmingham Mashariki. Walikutana kwenye gereji ya kukodi, wakatengeneza roketi za mbao nyembamba na makaratasi magumu, zenye mapezi yaliyopigwa msasa mpaka yanateleza, na parashuti ambazo Fortunée alizishona kwa cherehani yake kwa kitambaa cha mwavuli. Mota za baruti walinunua zile halali, maana nchi hii ina sheria. Gurdev aliijua historia yote. Akikaa na kikombe cha chai huwezi kumtoa kwenye vijana wa Berlin, kabla ya vita vya Hitler, waliopewa kiwanja kibovu chenye maghala ya zamani ya risasi: hawana kazi, wanalala humo humo, petroli wanaomba, lakini mchana kutwa wanafua chuma cha kwenda mwezini. Au wale Waingereza wa Liverpool walioanzisha chama chao, wakakuta sheria ya baruti ya enzi za Malkia Victoria inawakataza kuwasha hata moja. Wakabaki kuchora chombo cha mwezini kwenye karatasi, na viti vyake, na mahali pa kuwekea chakula.

Léopold aliwapenda wale wa Berlin. "Bale bantu njo siye," alikuwa akimwambia mke wake. Hao watu ndio sisi. Hatuna kazi, na macho yako juu. Gurdev hakuwahi kumwambia jinsi walivyoishia, kwamba baadaye jeshi liliwachukua baadhi yao wakaenda kutengeneza roketi za kuua watu. Hilo Fortunée alikuja kulisikia kwa mtu mwingine, msiba ukiwa umeshapita.

Siku ile ya ajali walikuwa kwenye shamba la mtu, nje ya mji, mahali walipozoea. Kulikuwa na ukungu mwembamba unaokaa chini kama maziwa. Gurdev alikaa ndani ya gari la mizigo na kisanduku cha kuwashia magotini, kwa sababu baridi ilikuwa inamtesa masikio, na masikioni ana vile vifaa vya kusikilizia. Hardeep, mwenzao, alikuwa kando yake anarekodi video kwa simu. Walibonyeza, roketi haikuwaka. Léopold akaenda kubadilisha waya wa kuwashia. Kanuni inasema anayekwenda kwenye roketi aende na ufunguo wa kisanduku mfukoni mwake, ili asiwepo mtu wa kuweza kuwasha. Lakini hao walikuwa ndugu, na ufunguo uliachwa mahali pake. Makubaliano yao yalikuwa kwamba Léopold akishabadilisha, arudi nyuma ya marobota ya majani makavu, aseme kwa redio kwamba yuko tayari. Redio ikalia. Gurdev akasikia, akabonyeza. Mzee hakuwa nyuma ya marobota. Alikuwa amerudi kwenye nguzo ya kurushia, ameinama, na roketi ikatoka upande ikampiga kifuani.

Haya ndiyo yaliyojulikana, na Gurdev hakuficha hata kidogo. Aliwaambia polisi mwenyewe, huku analia, kwamba alipewa ruhusa. Na polisi walipopeleka ile sauti ya kwenye video kwa mtu wa kutafsiri, naye akaandika hivyo hivyo: marehemu anasema sawa, sawa.

Baada ya mazishi Gurdev akawa anakuja Shard End kila wiki. Anapanda mabasi mawili kutoka Perry Barr, na kilemba chake kimefungwa vizuri, anabisha hodi kwa Kiswahili. Alirekebisha bomba la jikoni. Alipaka rangi dirisha lililokuwa linaota ukungu. Fortunée alimpikia sombe, yale majani ya muhogo, bila samaki kwa kuwa hali samaki, na chai yenye tangawizi. Gurdev peke yake ndiye aliyekuwa akilitaja jina la Léopold bila kushusha sauti. Wengine wote walilitaja kama ugonjwa.

Siku ile ambayo baadaye Fortunée aliijua kuwa ndiyo siku yenyewe, kulikuwa na jua la uongo, lile linalong'aa bila kupasha. Gurdev alikuwa amemaliza chai. Simu yake ililia, akaongea na mke wake Charanjit kwa Kipunjabi, kichwa kinatikisika, "Acha. Acha, acha. Acha." Akakata. Fortunée akatabasamu kidogo. Yeye na Léopold walikuwa na mzaha wao wa siku nyingi juu ya jambo hilo: mzee huyu kila siku anamwambia mke wake aache, na mke haachi.

Gurdev akaweka simu chini, akamtazama.

"Shemeji, mimi nataka wewe usikae na mawazo mabaya," alisema. "Watu wasema mambo mingi. Mimi nilisikia sauti yake. Haikuwa sauti ya mtu ya huzuni. Ilikuwa na haraka, kama mtu ya furaha. Alisema vile sisi nasema nyumbani kama ni sawa. Acha, acha."

Fortunée alikuwa ameshika sufuria ya chai. Aliiweka chini polepole.

"Alisema namna gani?"

"Acha, acha," Gurdev akarudia. "Mimi nilifurahi hata. Nikajua, leo Léopold amesema Kipunjabi."

Akacheka kidogo, cheko la mzee anayejaribu kumchangamsha mjane, akaomba chai nyingine. Fortunée akammiminia. Alikaa akamsikiliza akieleza habari za mjukuu wake na mtihani wa gari, akaitikia kila penye kuitikia, akamsindikiza mpaka mlangoni. Alipokwisha kumfungia mlango ndipo alipokaa chini kwenye ngazi.

Léopold hakujua Kipunjabi. Alijua Kiswahili cha kwao, Kifaransa cha shule, Kiluba cha mama yake, na Kiingereza cha kusukuma mkokoteni ghalani. Na katika lugha yake acha ni acha. Usiguse. Simama. Niko hapa.

Denise aliporudi kutoka kazini, bado na sare yake ya bluu, mama yake akamweleza. Denise alisimama na koti mkononi. Huyo alikuja nchi hii akiwa mdogo, Kiswahili anakisikia chote, lakini mdomoni kinamtoka kimevunjika vipande vipande na Kiingereza katikati.

Wakaenda pamoja kwenye ofisi ya uchunguzi wa vifo, wakaomba kusikilizishwa sauti. Huko wakaambiwa kwamba yule mtafsiri wa polisi alikuwa wa Kipunjabi, kwa kuwa Gurdev ndiye aliyewaeleza neno hilo. Denise hakutaka mama asikie. Mama akasema amemwosha mtu huyo mgongo miaka yote ya ndoa, atashindwa sauti yake? Wakawekwa kwenye chumba kidogo chenye sanduku la karatasi za kufutia machozi. Kwanza ukasikika upepo. Kisha mtu anakohoa, Hardeep. Kisha ile redio, kama bati linalokwaruzwa, na ndani ya bati Léopold.

"Acha! Acha!"

Halafu mlio.

Fortunée hakuhitaji kurudiwa. Sauti ile aliijua. Ni sauti aliyoitumia Léopold wakati Denise alipokuwa mtoto na mkono wake unakwenda kwenye jiko. Mtu aliyetaka kufa hasemi kwa sauti ile.

Njiani, kwenye basi, Denise alikuwa akitazama nje. Alisema taratibu kwamba wangeweza kunyamaza. Hakimu wa vifo ataandika ajali, huenda, bila hayo. Watu watasahau. Lakini wakilisema hilo neno mbele ya mahakama, Uncle Gurdev atajua kwamba Papa alikuwa anamwambia asimame, na yeye akabonyeza.

"He'll die of it, Mama. Leave it." Kitamuua, tukiache.

Fortunée akauliza "huenda" ya kazi gani. Je, kama hakimu hataandika ajali? Na hata akiandika, neno litabaki kwenye karatasi: alisema sawa. Mtu akijiua, hata serikali ikimwonea huruma ikasema ajali, watu watajua. Denise akasema watu ni wajinga. Mama akasema hao wajinga ndio watakaomzika na yeye.

Wakashuka kituo chao, Denise mbele, mama nyuma.

Lakini Fortunée hakuwa mtu wa kumvizia mwenzake. Aliona ni haki Gurdev alisikie kwake, jikoni, kabla hajalisikia kwa wageni. Wiki ile Gurdev hakuja, alikuwa na mafua. Basi Fortunée akavaa kitenge chake kizito, koti juu, akapika maandazi, akapanda basi mpaka Perry Barr, kwenye zile nyumba mpya zilizojengwa wakati wa michezo ya Jumuiya ya Madola, ambapo Gurdev na mkewe walikuwa wamehamia kwa ajili ya lifti.

Charanjit alimfungulia. Ni mwanamke mnene, mpole, alizaliwa Kisumu, Kiswahili chake kimebaki cha jikoni. Akamketisha, akapokea maandazi kwa mikono miwili. Mzee amelala, alisema. Akanong'ona kana kwamba ukuta utamwamsha. Miezi ile ya kwanza alikuwa halali kabisa, anakaa kwenye kiti anatazama vidole vyake. Daktari alimpa vidonge, vikashindwa. Sasa ndio ameanza kupata usingizi, na kinachomsaidia ni kitu kimoja tu.

"Yeye nasema, rafiki yangu iliniambia washa. Mimi sikuua. Yeye nasema hiyo, halafu nalala."

Fortunée aliyatazama maandazi kwenye sahani. Charanjit akamwuliza amwamshe? Fortunée akasema hapana, mwache apumzike. Alikunywa chai, akauliza habari za magoti, akaaga. Kwenye kituo cha basi upepo ulikuwa unapiga kutoka upande wa uwanja wa michezo, na yeye alisimama hapo akayaacha mabasi kadhaa yapite. Kama angerudi akapanda ile lifti tena, hadithi hii ingekuwa nyingine. Hakurudi.

Siku ya mahakama walikaa benchi moja, Fortunée, Denise, na upande wa pili Gurdev na Hardeep. Gurdev alimwinamia akamgusa bega. Alikuwa amevaa suti na beji ya chama. Pastor Cyriaque alikuja na wamama watatu, wakakaa nyuma, mikoba magotini, wamekuja kusikiliza neno litakaloamua.

Hakimu wa vifo alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka. Kwa ombi la familia alikuwa ameita mkalimani wa Kiswahili, msichana anayeitwa Mulki, Msomali mzaliwa wa Garissa, mwenye buibui jeusi na raba nyeupe. Gurdev aliulizwa kwanza. Alieleza yote kwa Kiingereza, mpaka kwenye redio, mpaka lile neno, na alipolitaja alipandisha kidevu kidogo, kama mtu anayeshika ukuta.

Kisha Fortunée akaulizwa kama ana la kusema. Akasimama. Alikuwa ameyapanga mengi njiani, juu ya Kiambi na moshi na parashuti alizoshona. Yote yakamkimbia yakabaki machache.

"Mume wangu hakusema sawa," alisema, na Mulki akatafsiri. "Alisema acha. Kwetu acha ni acha. Alikuwa anaomba mashini isiwake. Alitaka kuishi."

Nyuma mama mmoja akavuta pumzi kwa sauti. Gurdev hakusogea.

Hakimu akaomba sauti ichezwe. Mulki akaisikiliza, akaomba irudiwe, akainama. Halafu akaeleza, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili Fortunée asipitwe. Alisema neno hilo ni la kukataza. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kwa Kenya, alisema, wengi wetu tukitaka mtu asimame tunasema wacha, na W mbele. Huyu mzee Singh amekulia Kenya. Katika masikio yake onyo lina W. Lakini watu wa Kongo wanasema acha, tupu, bila W, na neno hilo hilo tupu kwa Kipunjabi ni sawa, vyema, endelea. Kama marehemu angekuwa Mkenya, angesema wacha, na labda angesikika.

Herufi moja. Kwenye chama walikuwa na kanuni kwamba shambani ni Kiingereza peke yake, na ilikuwa kanuni nzuri. Lakini mtu akishtuka husema kwa ulimi wa mama yake, na mwenzake aliye kwenye baridi na masikio mabovu husikia kwa sikio la mama yake naye.

Hakimu akamgeukia Gurdev, akamwuliza kwa upole, kwani alikuwa mtu mpole, kama yeye anajua Kiswahili. Gurdev akasema anajua. Akaulizwa kama anajua acha ni nini kwa Kiswahili. Gurdev akafungua mdomo. Midomo yake ililiunda lile neno mara mbili bila sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma. Halafu akakaa chini kabla hajaambiwa akae.

Hakimu aliamua kwamba ni ajali. Alisema, na ikaandikwa, kwamba Bwana Léopold alitoa onyo la wazi ili mota isiwashwe, na kwamba hakuna ushahidi wowote kwamba alitaka kujidhuru. Pia alisema juu ya ule ufunguo, kwamba ungekuwa mfukoni mwa marehemu hakuna lugha ambayo ingemdhuru. Wamama wakamkumbatia Fortunée. Pastor Cyriaque alimshika mikono, machozi yanamtoka kweli, akasema kilio kitaanza Ijumaa na yeye mwenyewe ataleta mbuzi. Denise alikuwa amesimama mbali kidogo na wote.

Kwenye korido Gurdev alikuwa anamngoja. Beji alikuwa ameitoa.

"Shemeji, ulijua lini?"

"Tangu ile siku ya chai."

Alilifikiria hilo. "Na wewe ukanimiminia ingine."

"Nilikuja kwenu kukuambia. Ulikuwa umelala."

"Ungeniamsha," Gurdev alisema. Hakusema kwa hasira. "Wewe ungeniamsha tu, shemeji."

Hardeep akamshika mkono wakaenda.

Kilio kilikuwa kikubwa. Magodoro yalitandikwa sebuleni na kwenye ngazi, watu walikuja kutoka Coventry, kutoka Leicester, hata basi dogo kutoka Sheffield. Waliimba nyimbo za Kiluba ambazo Fortunée hakuzisikia tangu awe msichana. Pastor Cyriaque alihubiri juu ya mtu aliyeshikilia uhai mpaka neno la mwisho, na wale wale waliokuwa wameshika mashavu walijitupa chini. Kila kitu alichokitaka Fortunée kilikuja, hakikupungua hata kimoja. Alikaa katikati yake na kitambaa cheusi kichwani, akalia alipolizwa, akanyamaza aliponyamazishwa. Na kila mlango ulipofunguliwa alitazama kama ni kilemba kinachoingia.

Siku moja kabla ya kumaliza matanga alimwacha Denise na wageni, akapanda basi kwenda Perry Barr. Safari hii hakupika kitu. Kwenye lifti alikariri atakayoyasema: kwamba bila yeye kilio hakijaisha, kwamba hakuna mwingine ajuaye moshi ule, kwamba aje akae tu, hata asiseme.

Gurdev alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa fulana ya mikono mirefu na kilemba kimefungwa ovyo, nyuma yake televisheni inasema peke yake. Fortunée alimwamkia, "Shikamoo, Muzee Gurdev. Habari za afya?" Kisha, kwa kuwa hakujibiwa, akasema yale yote aliyoyakariri, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili cha kwao, polepole, ili yasikike.

Gurdev alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa na adabu, adabu ile anayopewa mtu aliyekosea nyumba.

"I'm sorry," alisema. "I don't understand."

Fortunée alidhani ni masikio. Akasogea, akasema tena kwa sauti zaidi. Gurdev akatikisa kichwa, akarudia maneno yale yale ya Kiingereza, kwa upole ule ule. Jikoni Charanjit alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo, anatazama sakafu.

Ndipo Fortunée alipoelewa kwamba si masikio, ni Kiswahili chenyewe alichokikataa mzee. Akatafuta Kiingereza chake, kile kidogo cha dukani na cha hospitali, akakipekua kama mtu anayepekua mkoba gizani. Neno la kilio hakulijua. Neno la kusamehe alilijua kanisani tu, kwa Kifaransa. Akapata moja.

"Come," akamwambia. "Come."

Gurdev akainamisha kichwa kidogo, akamshukuru kwa Kiingereza, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.